Kilicho kwenye kioo kitafute jikoni

Hii ndio hotuba niliyoitoa Jumamosi kwenye mkutano wa kikundi chetu cha safari hapa Tanga. Wengi mliniandikia kwamba mvua iliwazuia, kwa hiyo naiweka yote kama nilivyoisema, picha nilizokuwa naonyesha ukutani tu ndio sijaziweka.

Asalaam aleikum. Wazee wangu shikamooni, wenzangu hamjambo, na nyie vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango sogeeni mbele, viti vipo.

Nianze na swali. Nani hapa ameshafika Uarabuni, iwe Dubai, iwe Jeddah, iwe Maskati, kwa biashara, kwa matibabu, kwa umra, kwa kazi, vyovyote vile? Nyoosheni mikono. Mashaallah, nusu ya ukumbi. Msishushe kwanza. Aliyeingia makumbusho kule, hata mara moja, abaki na mkono juu. Naona mitatu. Haya, na aliyekula nyumbani kwa mtu, nyumbani kabisa, akakaa chini kwenye mkeka akanawa akala sinia moja na wenyeji? Mkono mmoja. Mmoja ukumbi mzima!

Siwalaumu maana na mimi nilikuwa hivo hivo. Mara ya kwanza nilienda Maskati kumsindikiza shangazi yangu kutibiwa, siku kumi na moja nzima, na nikirudi watu wakaniuliza umeona nini huko, nikawa naorodhesha hospitali, chumba tulichopanga, na maduka. Nilirudi na mashuka na manukato masanduku mawili yamejaa. Nchi ambayo babu zetu walikuwa wanaijua kwa upepo, kaskazi inawaleta wao kusi inawarudisha, mimi nilikaa ndani yake siku kumi na moja na sikuiona. Iliniuma sana baadae. Ndio maana nilirudi tena, na tena, na ndio maana niko mbele yenu leo tukiwa tunajiandaa na safari ya Oman ya mwezi wa kumi na moja.

Nina jambo moja tu la kuwaambia, mengine yote nitakayosema ni hilo hilo nimelizungusha. Kitu ukikiona kwenye kioo cha makumbusho, usiishie pale. Toka nje ukakitafute kikiwa kinatumika. Oman bado inawezekana, na sisi watu wa pwani inatuwezekania zaidi ya mtu mwingine yeyote.

Nianze na dele, lile birika la kahawa.

Makumbusho ya Taifa ya Oman yako Maskati ya zamani, yanatazamana na kasri la Al Alam, yalifunguliwa mwaka 2016. Jengo kubwa, jeupe, ndani baridi, kumbi zipo zaidi ya kumi, kuna ya bahari, kuna ya silaha, kuna ya mifereji ya maji, na kitu kilichonigusa ni kwamba wameweka maandishi ya Kiarabu ya nukta kwa ajili ya wasioona wasome kwa vidole. Sasa nazunguka naangalia majambia ya fedha, vyetezo, mirashi, nikafika kwenye madele ya kahawa. Jamani. Dele la shaba, mdomo umejikunja kama mdomo wa ndege, kifuniko kina kichwa kidogo juu. Mi nimesimama pale natazama dele liko kwenye taa limewekwa kama mfalme, na akilini namuona mzee wetu wa kahawa anayepita mtaani alfajiri, jiko la mkaa chini dele juu, anagonga vikombe kwa vidole tik tik tik unajua kumekucha. Kitu kile kile! Hata jina lile lile, wao wanaita dalla.

Ningeishia pale ningesema nimeona dele. Lakini nikatoka nikachukua teksi mpaka Mutrah, dakika chache tu, sokoni kwenye vile vichochoro vya ubani na fedha, na mzee mmoja mwenye duka la vitambaa akaniita karibu kahawa, bila kuniuliza nanunua nini. Akanimiminia kidogo, chini ya nusu kikombe. Nikajisemea huyu mbona bahili. Nikanywa, akamimina tena. Nikanywa, akamimina tena. Kahawa yao nyepesi, rangi kama ya chai ya rangi, iliki imejaa, na tende pembeni badala ya kashata. Kikombe cha nne cha tano nimeshashiba naona aibu kukataa, mpaka kijana wake akanionyesha, ukitosheka unakitikisa kikombe hivi, mkono wa kulia, kushoto kulia mara mbili tatu, ndio unarudisha. Anayemimina anakuwa amesimama wewe umekaa, na hawezi kuacha mpaka utikise. Kumbe kile kidogo anachomimina ni heshima, kahawa iwe ya moto kila mara na wewe ukae zaidi.

Hii desturi ya kahawa Unesco waliiandikisha mwaka 2015 kwenye urithi wa dunia usioshikika, Oman pamoja na Saudia, Emirates na Qatar. Lakini niambieni, urithi usioshikika utawekaje kwenye kioo? Utauweka vipi ule mtikiso wa mkono? Makumbusho yalinionyesha dele. Mzee wa vitambaa ndiye aliyenionyesha dele ni la nini.

Twende bara. Ukitoka Maskati kwenda Nizwa ni kama saa moja na nusu hadi mbili kwa gari, barabara nzuri, milima mikavu pande zote. Nizwa ina ngome yenye mnara wa mviringo mkubwa ajabu uliojengwa karne ya 17 na Imam Sultan bin Saif, imam ndiye aliyekuwa mtawala wa Oman wakati huo, ujenzi wake ulichukua miaka 12 hivi, na mkifika fanyeni iwe Ijumaa asubuhi mapema kwa sababu ya soko la mbuzi, watu wanasimama duara na mbuzi wanazungushwa katikati huku wenye mbuzi wanapaza bei, mtafurahi. Lakini mimi ngome iliyonishika moyo ni Jabreen, mbele kidogo ya Bahla.

Jabreen aliijenga Imam Bil'arab bin Sultan karne hiyo hiyo ya 17. Ilikuwa nyumba ya kuishi, na madrasa, na ngome kwa pamoja. Mkiingia chumba chochote inueni vichwa. Madari yake ni ya mbao zilizochorwa maua, majani yanazunguka, nyekundu, nyeusi, dhahabu, na rangi bado zipo. Kuna chumba cha farasi, na kiko juu, ghorofani! Imam alitaka farasi wake awe karibu. Na kaburi la Bil'arab mwenyewe liko humo humo chini.

Sasa sikilizeni hii watu wa pwani. Bil'arab alikuwa na mdogo wake, Saif. Wakagombana, Saif akaja akamzingira kaka yake ndani ya ngome hii hii, na Bil'arab akafia humo. Saif akawa imam. Na mnajua Saif bin Sultan huyo ni nani? Ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Ngome ya Yesu, Fort Jesus ya Mombasa, karibu miaka mitatu, wakawatoa Wareno mwaka 1698. Nilikuwa nimesimama kwenye chumba cha giza huko jangwani, mlinzi ananieleza ugomvi wa ndugu wawili, na ghafla nikasikia Mombasa. Nilikaa chini. Historia niliyofundishwa shule kama Waarabu waliwafukuza Wareno, mstari mmoja kwenye daftari, kumbe ina nyumba, ina dari yenye maua, ina kaka aliyekufa amezingirwa na mdogo wake.

Alafu wakanipeleka stoo ya tende. Hiki chumba nataka mkione kwa macho yenu. Kidogo, giza, joto, sakafu yake imechongwa mifereji, mistari mistari imeinuka na katikati imezama, yote inateremka upande mmoja. Walikuwa wanapanga magunia ya tende juu ya ile mistari mpaka darini, uzito unajikandamiza wenyewe, na joto, basi asali ya tende inaanza kutoka taratibu inashuka kwenye mifereji inaingia kwenye chungu. Hamna mashine hamna mtu anayekamua. Na wakati wa vita asali hiyo waliichemsha wakawamwagia maadui kutoka juu ya lango, Nizwa mtaonyeshwa matundu yenyewe. Niligusa sakafu pale kwenye mfereji, laini kama imepakwa, miaka mamia asali inapita hapo hapo.

Sasa kumbukeni jambo langu. Kitu kwenye kioo kitafute jikoni. Kesho yake asubuhi pale tulipolala Nizwa mama mwenye nyumba anachoma mkate wa rakhal, mwembamba kama karatasi, anaupaka kwa kiganja juu ya chuma cha moto na kuunyanyua kabla hujapepesa macho, unavunjika ukiushika, na pembeni ameweka bakuli. Nikachovya. Asali ya tende. Nyeusi, nzito, ina utamu wenye kauchungu kwa mbali. Nikamwambia jana nimeona ilikotoka hii, akasema mama yake alikuwa na chumba kama kile, kidogo, nyuma ya nyumba. Mimi ule mkate nilikula huku naiona sakafu ya Jabreen.

Kuhusu sanaa ya sasa hivi nitapita haraka kwa sababu muda, lakini msiseme sikuwaambia. Mutrah kuna makumbusho madogo ya Ghalya ya sanaa ya kisasa, na Bait Al Zubair pale Maskati ya zamani ina vyumba vya vitu vya kale na pia picha za wasanii wa leo. Mwaka 2022 Oman ilipeleka wasanii wake Venice, Italia, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya dunia, kwa mara ya kwanza kuwa na banda lao la taifa, watano, na kati yao wanawake watatu. Vijana wetu wachoraji hapa mnaochora Wamasai na machweo kila siku kwa ajili ya watalii, nendeni mkaone wenzenu wanavyochora nyumba za bibi zao. Nasema hivi kwa mapenzi.

Jahazi. Sur ni mji wa mabaharia, na wengi wa majahazi yaliyokuwa yanatia nanga Zanzibar na Lamu na hapa kwetu yalitoka huko. Kule wameiweka nchi kavu Fatah al Khair, jahazi kubwa la zamani, na karibu na hapo karakana bado mafundi wanaunda vyombo vya mbao, unasikia tezo inavyokula ubao. Lakini mimi nitawaambia kuhusu dari, tena dari. Niliingia nyumba moja kuukuu, nikainua kichwa kama nilivyozoea, nikaona boriti. Boriti zetu! Za mikoko! Nikamuuliza mzee mwenye funguo hizi ni nini, akasema chandal, zimetoka Afrika. Za kutoka Rufiji, za kutoka Lamu, zilipakiwa majahazini maelfu kwa maelfu miaka na miaka, maana kule miti ya kujengea ni shida. Na ndio sababu vyumba vya zamani vya kule ni vyembamba virefu, kama vya Lamu, kama vya Mji Mkongwe, kwa kuwa upana wa chumba ni urefu wa boriti na boriti ya mkoko haizidi hapo. Fikirieni hilo. Mti uliokatwa kwenye tope la Rufiji ndio ulioamua mtu wa Sur alale kwenye chumba cha upana gani. Nani alizikata hizo boriti, nani alizibeba kwenye maji ya magoti na mbu wale? Majina yao hayapo darini.

Na hapo nafika kwenye jambo zito, naomba tusikilizane.

Kule Mutrah nilikutana na bibi mmoja. Nilikuwa naongea na simu Kiswahili nikasikia nyuma yangu, "We mwanangu, mtu wa wapi wewe?" Kiswahili cha Pemba kabisa, kimenyooka. Nikageuka, bibi amejifunga buibui, miwani minene. Shikamoo bibi. Marahaba mwanangu. Kazaliwa Wete, akaondoka msichana baada ya mapinduzi ya 1964, akahangaika huku na huku, akafika Oman miaka ya sabini Sultan Qaboos alipowaita Waomani walioko nje warudi. Akaniambia, "Kesho uje ule." Sio ombi, amri.

Nikaenda. Kaniwekea sahani, nikatazama, nikasema bibi hili si bokoboko? Akacheka mpaka akashika ubavu. Akasema wenyeji hapa wanaita harees, ngano na nyama zinapikwa na kupondwa mpaka zishikane, samli juu, lakini mie kwangu ni bokoboko mpaka nakufa. Na mandazi yapo mezani, na maskati nzima sasa wanakula mandazi na wanayaita mandazi hivo hivo.

Akanialika tena sikukuu ya kuchinja, na hapo ndio nikaona shuwa. Nyama ya mbuzi inapakwa viungo, kitunguu saumu, bizari, iliki, karafuu, pilipili, siki, inafungwa kwenye majani ya mgomba, inatiwa kwenye vifuko vya makuti. Shimo limechimbwa ardhini, refu kuliko mtu, kuni zimewaka mpaka zimebaki makaa mekundu. Mtaa mzima wanaleta vifuko vyao, kila familia imefunga alama yake, hawa kipande cha waya, hawa kitambaa chekundu, wanavitumbukiza wote kwa pamoja haraka, wanafunika bati, wanafukia udongo mvuke usitoke hata kidogo. Siku nzima, mara nyingine mbili. Mwanae bibi alinichukua siku ya kufukua. Walipofunua ile bati, jamani, harufu! Nyama inaachia mfupa kwa kuitazama tu. Tukakaa sinia moja watu saba.

Na kilichopanda puani kwangu kwanza ni karafuu. Nikamwambia bibi, karafuu ya kwetu hii. Akanyamaza. Alafu akasema, na nilimuomba ruhusa kuyarudia haya akanipa, "Babu yangu alikuwa na shamba la mikarafuu Pemba. Waliopanda ile mikarafuu hawakulipwa, mwanangu. Sie tulikula."

Sikujua nijibu nini. Mimi upande wa mama yangu tuna bibi yetu ambaye hatujui alizaliwa wapi, tunajua tu aliletwa. Aliletwa. Wangapi hapa mna neno hilo kwenye ukoo wenu? Msinyooshe mikono.

Tunajua Seyyid Said, mtawala wa Oman, alivyohamishia makao yake Zanzibar karibu mwaka 1840 na jinsi mikarafuu ilivyoenea, na kwamba iliota kwa mikono ya watumwa. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, utumwa wenyewe Zanzibar ukapigwa marufuku kisheria 1897, na Oman ni 1970, kuna wazee walio hai leo waliouona. Kwa hiyo mkisimama mbele ya ramani ya biashara kwenye makumbusho yoyote ya Uarabuni, mmeona mishale ya pembe, mishale ya ubani, mishale ya karafuu, ulizeni kwa sauti, na watu je? Muulizeni anayewatembeza, kwa adabu, lakini muulizeni. Na msiache kukaa kula kwa sababu hiyo. Ule ukweli mimi sikuupata kwenye karatasi ya makumbusho, niliupata kwenye sinia, mkono wa bibi na mkono wangu kwenye nyama moja.

Ya safari sasa. Mwezi wa kumi na moja hali ya hewa imeshapoa, nguo za kujisitiri kwa wote, na wanaume pia, suruali ndefu. Ngome nyingi Ijumaa zinafunguliwa muda mfupi kwa hiyo tutapanga. Kabla ya kumpiga mtu picha omba. Halua msinunue uwanja wa ndege, tutaenda kwa wapikaji wenyewe tuone wanavyokoroga lile sufuria kubwa la shaba kwa zaidi ya saa mbili, zafarani na marashi na samli, na nyie wa Pemba mtaamua wenyewe ya nani tamu zaidi.

Na kuna mzigo. Bibi nilimuuliza nikuletee nini kutoka nyumbani, nikidhani atasema karafuu au udongo wa Wete. Akasema nazi za kopo amechoka nazo, nazi nzima siku hizi anazipata sokoni lakini mbuzi yake ya kukunia aliyokuja nayo imevunjika mguu, na wajukuu wanataka kumnunulia mashine ya umeme, hataki. Nimemtengenezea kwa fundi hapa Ngamiani, ya mninga, inakunjika, meno ya chuma kayanoa mwenyewe nikayajaribu kwa kidole. Ina kilo tatu na nusu. Mimi sanduku langu limeshajaa vitabu vya watoto wa bibi. Nani ana nafasi?